Data za maboya ya Argo: bure, safi, ila si za maji ya pwani

Anayetaka joto na chumvi ya Bahari ya Hindi kutoka karibu na uso wa maji hadi kina cha mita 2,000, bila kulipa wala kuomba kibali, hatapata huduma inayoizidi Argo, mradi wa kimataifa wa maboya yanayopima bahari yenyewe bila mtu. Anayetaka kujua hali ya maji juu ya matumbawe ya Chumbe au ndani ya ghuba ya Chwaka, kule Zanzibar, asiunguze bando lake. Hizo si data zake, na sababu ni namna boya lenyewe linavyofanya kazi.

Boya la Argo ni bomba lenye antena kichwani, uzito wake kilo 20 hadi 35. Hukaa kina cha mita 1,000 likichukuliwa na mkondo. Kila baada ya siku 10 huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda kwa muda wa saa sita hivi huku likipima. Halina propela. Pampu husukuma mafuta kutoka tumboni kwenda kwenye kibofu cha nje, ujazo unaongezeka huku uzito ukibaki uleule, basi linaelea. Likifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti na kuzama tena, mpaka betri iishe, kwa kawaida baada ya miaka minne au mitano. Mradi ulianza kutupa maboya baharini mwaka 1999, ukafikisha 3,000 mwaka 2007, na sasa yako karibu 4,000 duniani kote.

Data huonekana ndani ya saa 24 kwenye hazina kuu mbili zenye nakala sawa, moja Brest, Ufaransa, nyingine Monterey, Marekani. Mlangoni hakuna nenosiri. Anza na faili la orodha, ar_index_global_prof.txt, linalotaja kila kipimo, yaani kila safari moja ya boya kupanda, pamoja na tarehe, latitudo na longitudo. Usilifungue kwa Excel: Excel huishia mstari wa 1,048,576, na vipimo vya Argo vilishapita milioni mbili, kwa hiyo sehemu kubwa itakatika. Chuja kwa lugha ya programu, Python au R. Kwa maji yaliyo mbele ya Kenya na Tanzania chukua latitudo -12 hadi 2 na longitudo 39 hadi 50. Kusini mwa ikweta ni hasi, na wanaosahau alama hiyo hujikuta wanachora Somalia. Maktaba ya Python iitwayo argopy hufanya kazi hii yote kwa mistari michache.

Faili zenyewe ni za NetCDF, muundo wa kuhifadhi data za kisayansi, na humo ndimo wengi wanapoteleza. Kila namba imeandikwa mara mbili: TEMP (joto) na PSAL (chumvi) ni namba kama zilivyotoka kwenye kihisi, TEMP_ADJUSTED na PSAL_ADJUSTED ni zilizorekebishwa. Angalia kwanza DATA_MODE, herufi inayoonyesha data imekaguliwa kiasi gani. Ikiwa R, data ni mbichi na safu za ADJUSTED ni tupu. A ni marekebisho ya mashine. D imepitiwa na mtaalamu, na lengo ni kazi hiyo ikamilike ndani ya miezi 12. Utabiri wa wiki hii unaweza kutumia data za R. Utafiti wa mwelekeo wa miaka mingi uchukue D peke yake.

Halafu kuna alama za ubora zinazoambatana na kila namba. 1 ni nzuri, 2 huenda ni nzuri, 3 na 4 ziache. Pengo hujazwa kwa 99999, kwa hiyo wastani uliokokotolewa bila kuchuja unaweza kukupa bahari yenye joto la maelfu ya nyuzi. Hilo angalau linajionyesha. Baya zaidi ni alama 3 zilizoachwa ndani, maana namba zake zinaonekana za kawaida kabisa. Muda nao huhesabiwa kwa siku tangu tarehe 1 Januari 1950, saa za Greenwich. Ongeza saa tatu upate saa za Nairobi na Dar es Salaam.

Joto halina shida: usahihi ni nyuzi 0.002 za Selsiasi. Chumvi ndiyo yenye maneno. Lengo ni usahihi wa 0.01, lakini viumbe vikiota kwenye kihisi usomaji hupotoka, na kundi la vihisi vya katikati ya miaka ya 2010 lilianza kusoma chumvi kubwa kuliko iliyopo. Kagua hivi: linganisha chumvi ya kati ya mita 1,500 na 2,000 kwa mizunguko kadhaa ya boya moja. Huko chini maji hubadilika polepole sana. Ikiwa namba inapanda tu kila mwezi, shuku kihisi kabla ya kushuku bahari.

Kuhusu pwani yetu: mpango wa Argo ni boya moja kwa kila nyuzi tatu kwa tatu, yaani karibu kilomita 330 kila upande. Mlango-bahari wa Zanzibar mara nyingi haufiki hata kina cha mita 60, na boya lililozoea mita 1,000 likiingia humo litagusa chini. Kwa miamba na mashamba ya mwani tumia vipimajoto vidogo vinavyofungwa chini ya maji. Kwa usawa wa bahari, vipima maji kujaa na kupwa vya Mombasa na Zanzibar.

Mahali Argo inapolipa ni unene wa tabaka la maji ya moto, kitu ambacho setilaiti haioni kwa sababu inasoma uso tu. Tabaka hilo ndilo linalolisha vimbunga, na kuhama kwake kati ya mashariki na magharibi ya bahari ni sehemu ya Dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti ya joto kati ya pande hizo mbili, iliyochangia mvua kubwa za vuli za 2019 Afrika Mashariki.

Ukichapisha, taja toleo la mwezi uliotumia kwa namba yake ya DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho. Faili hurekebishwa kila mara, na mwenzako akipakua mwakani hatapata namba zilezile ulizopata wewe.