Kuhamisha Spika au Kununua Nyaya Ghali?

Mkazi wa Kisumu anayetaka redio yake ya sebuleni isikike vizuri zaidi huwa na njia mbili mbele yake: kununua nyaya ghali za spika, au kuzihamisha spika zenyewe na kuishughulikia sebule. Waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 2.5, wenye urefu wa mita 5, una ukinzani, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, wa takriban omu 0.07 kwenda na kurudi, kiasi kidogo mno kwa spika ya omu 8. Kwa hiyo waya ghali hauna la kuongeza, ila pengine urembo.

Sebule ndiyo yenye mengi. Spika iliyosukumwa kwenye kona huvimbisha besi hadi gitaa la benga likamezwa, na sakafu ya vigae isiyo na zulia huirudisha sauti ikiwa kali. Zivute spika sentimita 50 hivi kutoka ukutani, uziinue hadi kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kilingane na masikio ya aliyeketi, kisha utandike zulia mbele yake. Mvua ikipiga mabati, bila shaka, njia zote mbili hushindwa.