Uzoefu Wangu wa Kuipamba Firefox kwa Mandhari na Viendelezi

Nilianza kukigusa kivinjari changu kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya urembo. Husoma sana usiku, na weupe wa kurasa ulikuwa umeanza kuniumiza, kwa hiyo nikaingia katika ukurasa wa Firefox wa viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo) na mandhari na kuchagua mandhari ya rangi ya makaa. Vichupo na upau wa anwani vilibadilika papo hapo. Hata hivyo, makala niliyokuwa nikiisoma ilibaki nyeupe pepepe, kwa kuwa mandhari huvisha fremu ya kivinjari tu, na tovuti ambayo haikutengenezewa sura ya giza haina habari nayo.

Dawa niliipata kwa Dark Reader, kiendelezi kinachopaka upya rangi za ukurasa wenyewe na kukuachia upunguze mwanga na ukolezi kadiri upendavyo. Nakisifu kwa tahadhari, maana michoro yenye mistari myeusi isiyo na usuli humezwa na giza, na zaidi ya mara moja nimekodolea macho grafu iliyoonekana tupu kabla sijakumbuka kukizima kwa tovuti hiyo.

Cha pili ni uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, na hiki sikiachi. Huzuia matangazo na vifuatiliaji, na tarakimu ndogo juu ya alama yake hukuonyesha ni maombi mangapi yamezuiwa katika ukurasa uliopo. Tangu Chrome ilipohamia kanuni za viendelezi ziitwazo Manifest V3, watumiaji wake wamebakiwa na toleo jepesi liitwalo uBlock Origin Lite, ilhali lile kamili linaendelea kufanya kazi katika Firefox. Kwangu mimi hiyo pekee ni sababu tosha ya kutohama.

Kosa langu lilikuwa ulafi. Nilifikisha viendelezi kumi na saba, na kimoja kati ya hivyo, cha kupiga picha za skrini, siku moja kiliomba ruhusa ya kufikia data yangu katika tovuti zote. Nilikubali bila kusoma. Baada ya siku chache, kila nilipotafuta kitu nilipitishwa kwanza kwenye ukurasa nisioujua. Nilizima vyote, nikawa nawasha kimoja kimoja na kujaribu kutafuta upya, hadi mkosaji akajitokeza akiwa wa kumi na moja. Leo nimebakiwa na vinne, na ombi la ruhusa nalisoma neno kwa neno.

Kwa anayetaka kuingia ndani zaidi, lipo faili la userChrome.css, lenye mistari ya maagizo ya sura ya kivinjari, ambalo hubadilisha hata umbo la vitufe; tangu toleo la 69 la mwaka 2019 ni lazima kwanza uliruhusu kupitia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox. Nililitumia kuficha vichupo vya juu, na masasisho ya kivinjari yalinivurugia kazi hiyo mara mbili. Toleo la 136 la mwaka 2025 lilipoleta vichupo vya wima, nilifuta karibu mistari yote. Michache iliyosalia nimeitunzia nakala kwenye flashi, kwa sababu usawazishaji wa Firefox huhamisha viendelezi kwenda kompyuta nyingine lakini faili hilo huliacha nyuma.