Shilingi 500 za "na wengineo": uzoefu wangu na kitabu cha jubilei ya parokia yetu

Nianze na salamu, maana kitabu chenyewe ningeweza kukisamehe.

Nilisimama mbele ya dirisha la ofisi ya parokia, lile lenye wavu, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristu." Kijana aliyekuwa ndani aliinua macho, akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani, akarudi kwenye simu yake. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya kwaya. Kimya. Jamani, kwetu salamu hiyo huitikiwa hata na mlevi aliyelala mtaroni. Atakwambia "Milele na milele" bila kufungua macho. Huyu ni karani wa kanisa, ana rozari shingoni, na nyuma yake kuna kalenda ya jimbo yenye picha ya askofu.

Basi mkiona nimeandika kwa hasira, mjue ilianzia hapo.

Kilichonipeleka ofisini ni kitabu cha jubilei. Parokia iko upande wa Kakamega, shambani kabisa. Sitaitaja jina kwa sababu mama yangu bado anasali pale, na ndiye atakayenuniwa. Mimi naishi Nakuru. Nilikuwa nimeenda nyumbani, mwaka juzi hivi, wakati wa kuvuna mahindi, nikakuta sherehe za miaka 75 zimekwisha lakini vitabu vingali vinauzwa nje ya mlango baada ya misa ya pili. Shilingi 500. Mama mmoja wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliniambia pesa zinaenda kuezeka kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, nikatuma kwa M-Pesa papo hapo, hata kurasa sikufunua.

Usiku huo nikakaa karibu na taa, nikamtafuta babu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa katekista, mwalimu wa dini, tangu parokia ikiwa bado kigango cha udongo na nyasi, padri anakuja mara moja kwa mwezi Mungu akijalia, na kengele ni kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa mtini. Padri alikuwa na pikipiki, babu alikuwa na miguu. Baadaye alipata baiskeli, lakini kwa vilima vyetu na utelezi wake wakati wa masika, yeye ndiye aliyeibeba mara nyingi kuliko ilivyombeba. Jumapili ambayo padri hakufika, aliongoza sala yeye. Mtu akianza kukata roho usiku kabla hajabatizwa, ni yeye aliyegongewa mlango aje na maji. Wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, walikariri katekisimu mbele yake, swali kwa jibu, miaka miwili na zaidi, na anayekwamakwama hakupelekwa kwa padri hata kama ni shemeji. Kukhu, yaani bibi yangu, alikuwa akisema mumewe alioa wake wawili, yeye na katekisimu, na katekisimu ndiye mke mkubwa. Malipo yalikuwa ya kununua chumvi na sabuni. Miezi mingine chumvi tu.

Sasa fungueni ukurasa wa 23. "Kazi ya uinjilishaji iliendelezwa na makatekista hodari," halafu majina mawili, halafu "na wengineo."

Hao wawili nawajua. Mmoja alistahili kabisa, Mungu amrehemu, sina neno naye. Wa pili mjukuu wake alikuwa kwenye kamati ya kitabu, nami sitasema zaidi ya hapo. Babu yangu, miguu yake yote ile, ndiye "wengineo".

Nilipofika hapo sikuwa msomaji tena, nikawa mkaguzi. Ukurasa wa 6 unadai wamisionari wetu "walitoka Pwani wakipitia Nairobi". Wapi! Hao waliotoka Pwani wakaja Nairobi ni mapadri wa Roho Mtakatifu, habari nyingine kabisa. Sisi imani yetu ilitoka machweo. Wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki kutoka Uingereza, walipewa Vikarieti ya Upper Nile, yaani eneo la kimisheni upande wa Uganda, mwaka 1894, wakafika Kampala 1895, na baada ya reli kufika Kisumu 1901 wakaanza kusogea huku kwetu: Kisumu 1903, Mumias 1904, Mukumu 1906. Mwingereza alitukata kutoka Uganda akatutia upande huu mwaka 1902, lakini Kanisa halikuhama naye. Kwa Kanisa tulibaki watu wa Upper Nile hadi 1925, ndipo ikaundwa Prefektura ya Kavirondo, eneo la kimisheni la huku kwetu. Babu alikuwa akitusimulia haya tukiota moto, akinyosha mikono miwili: alipokuwa mtoto, serikali yake ilikuwa huku mashariki na askofu wake kule magharibi, na wote wawili walitaka kitu kwa baba yake. Kitu kama hicho ndicho ningelipia 500! Kitabu kimekiruka. Vikarieti ya Kisumu 1932, jimbo 1953, jimbo la Kakamega 1978, vyote hivyo vimebanwa kwenye mistari miwili kana kwamba wino ulikuwa unauzwa kwa gramu.

Kuna na picha ya Otunga. Chini yake wameandika "Kardinali Otunga akitoa kipaimara, 1958". Mwaka 1958 ukardinali ulikuwa bado miaka 15 mbele. Alikuwa askofu msaidizi wa Kisumu, yule mtoto wa Chifu Sudi wa Wabukusu, na kofia nyekundu aliipata 1973. Nilimwonyesha mama, ambaye alipakwa krisma na Otunga huyo huyo enzi hizo. Akasogeza kitabu karibu na macho, akacheka, akasema, "Hata mimi nilijua ni askofu, na nilikuwa sijang'oa meno yote ya utoto."

Halafu sura ya "Ukuaji wa Parokia", ambayo ni karibu nusu ya kitabu. Niliisoma nikihesabu. Uzio wa mbele una aya nne. Tangi la maji lina picha mbili. Vyoo vya wageni vina jina la aliyevifadhili, cheo chake, na picha yake akikata utepe mbele ya choo, jambo ambalo mimi ningekuwa mke wake nisingeruhusu. Parokia yetu imezaa parokia mbili, vigango vilivyokua vikajitegemea, na hizo zimepata sentensi moja. Jumuiya ndogo ndogo, zile maaskofu wa Afrika Mashariki walizozipa kipaumbele miaka ya sabini, zilizofanya watu waanze kusali nyumba kwa nyumba na kujua nani hajala, zimetajwa kwenye orodha ya waliochangia viti. Na ule mwaka misa ilipoacha Kilatini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ngoma zikaingia kanisani na wazee wengine wakatoka nje kwa hofu? Hakuna. Babu ndiye aliyewafuata nje akawarudisha. Hakuna.

Ukimsikiliza mwandishi, kukua kwa parokia ni bati na simiti.

Ndiyo nikaenda ofisini asubuhi ya siku ya kazi, kitabu kwapani, ukurasa wa 23 nimeukunja pembe. Salamu mbili zilipopotea hewani nikashuka nikasema, "Habari yako, mwanangu."

"Sema shida, mama."

Nikasema shida. Akasikiliza akisogeza kidole kwenye simu. "Kitabu kishachapishwa."

Nikamwambia najua, ila nataka kuona rejista za zamani ili nipate ushahidi, niandikie kamati. Akasema rejista hazitolewi. Akaniuliza jina la babu, akabonyeza kompyuta, akasema, "Hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Hajabatizwa hii parokia. Ni shilingi 200 ya kutafuta." Nikalipa, msiniulize kwa nini, ni mazoea ya kulipa kanisani bila kubishana. Risiti sikupewa. Halafu, bila hata kuinua kichwa, kijana ambaye mama yake angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akasema: "Na mama, kama huyo mzee angekuwa mtu wa maana, si angeandikwa?"

Nilimjibu maneno ambayo sikuyaungama mpaka Kwaresima.

Sauti yangu ilifika mpaka nyumba ya mapadri, kwa sababu padri msaidizi alitoka akiwa na kandambili. Kijana pia, lakini huyu alilelewa. "Tumsifu Yesu Kristu, mama." Nusura nilie, kwa salamu tu! Akaniingiza ndani, akanipa kiti, akasikiliza yote mpaka vyoo.

Sasa hapa lazima niwe mkweli ingawa sipendi. Karani alikuwa na haki. Tena mara mbili. Padri alinieleza kwamba kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwenye kitabu cha ubatizo yanaongezwa ya baadaye: kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri za utawa. Maisha ya mtu yanaandikwa ubavuni mwa ubatizo wake, kwa hiyo huwezi kumpa kila anayepita avipekue. Na babu kweli hakubatizwa pale. Alibatizwa misheni iliyotuzaa, kabla parokia yetu haijawa parokia, jina lake litakuwa kwenye vitabu vya kule. Kompyuta imeingiziwa majina ya waliobatizwa tu. Kijana hakusema uongo hata neno moja, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angesema.

Padri akanyamaza kidogo. Akauliza, "Alikuwa akisimamia watu?"

Akafungua kabati la chuma akatoa kitabu cha kwanza kabisa. Jalada la kahawia, pembe moja imeonjwa na mchwa, mwandiko wa Mholanzi umelala upande kama mahindi baada ya upepo, maneno yote Kilatini. Akachukua karatasi nyeupe akafunika safu zote isipokuwa moja, ile yenye neno *patrinus*, yaani msimamizi wa kiume. Akaanza kuteremsha kidole.

Babu. Mstari wa pili mtu mwingine. Babu. Babu. Babu.

Jina lake la ubatizo limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti, kulingana na padri aliyeshika kalamu, lakini jina la ukoo ni hilo hilo. Ukurasa ukafunuliwa. Babu tena. Watu ambao hawakuwa na Mkristo yeyote katika ukoo wao wa kuwasimamia, nani angesimama nao? Katekista. Nilihesabu mpaka 31, chai ikaletwa, hesabu ikanipotea, na padri hakuharakisha wala hakusema kitu. Aliendelea tu kusogeza karatasi chini, mstari kwa mstari. Wale watoto na watu wazima chini ya karatasi sikuwaona, na sikutakiwa kuwaona, lakini ndio hao hao waliozaa wale waliokata utepe.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu kitabu. Nilipokuwa dirishani ningewaambia msinunue hata kwa shilingi kumi. Nilipotoka kwa padri nilikuwa tayari kununua vitano niwagawie ndugu zangu. Nikiwa kwenye matatu, kabla hatujafika hata Kisumu, nikakifungua tena ukurasa wa 23, nikarudi nilikokuwa.

Kuna jambo moja jema, nisilifiche. Ukurasa wa 31 una picha ya zamani, akina mama wamepanga mstari wakibeba matofali kichwani kwa ujenzi wa kanisa la kwanza la matofali, mmoja ana mtoto mgongoni. Kukhu ni wa tatu kutoka kushoto, namjua kwa anavyosimama, mguu mmoja mbele kama anadai deni. Picha hiyo hatukuwa nayo nyumbani. Chini yake wameandika "Akina mama wakishiriki ujenzi". Hilo nalo mnaliona wenyewe. Lakini picha ipo, na kwa picha hiyo peke yake nunueni. Au hapana, azimeni kwa aliyekwisha nunua, mpige picha ukurasa wa 31, na hela ya kuezeka kigango mpelekeni katekista mkononi.

Padri aliniambia niandike kurasa mbili juu ya babu, wataziingiza wakichapisha tena. Niliandika nne, nikatuma. Mvua ndefu zimekuja zikaenda mara mbili. Nikipiga simu naambiwa kamati inatafuta mfadhili, na padri mwenyewe amehamishwa, maana wale wanaojua kuitikia salamu hawakai.

Karani yupo. Mama ananiambia siku hizi amenunua simu kubwa zaidi. Mkienda kwa shughuli ya cheti cha ubatizo, pelekeni 200 zenu kamili na mdai risiti. Mkimwamkia akiitika, mwambieni kuna mama wa Nakuru anamdai zake mbili.