Uzoefu wangu: sampu fupi na mrija wake wa kunyonya oili kwenye injini ya LS

Injini niliyofunga ni LM7, mmojawapo wa ukoo wa LS, ile V8 ya lita 5.3 ya General Motors iliyokuwa kwenye pikapu zao kati ya 1999 na 2007. Imeingia kwenye saluni inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini hizi ni ngumu na zinavumilia, lakini sampu ya pikapu, yaani bakuli la oili chini ya injini, haifai kwenye gari la chini: inashuka mpaka kupita krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), na ndiyo itakayogonga tuta kabla ya kitu kingine chochote. Nikaamua kununua seti ya kubadilishia, yaani sampu fupi ya aluminiamu, mrija wa kunyonya oili ukiwa na strena yake (chujio la mdomoni), na o-ringi, yaani pete za mpira, za kuziba pale mrija unapoingia kwenye pampu. Nimeshaiendesha kwenye joto, kwenye kona na kwenye breki za ghafla, kwa hiyo naweza kuisema.

Kikubwa kwangu ni kwamba mrija na sampu vimekuja pamoja. Injini za LS ni ukoo mmoja, lakini kila gari lilipewa sampu yake. Corvette ya 1997 hadi 2004 ina sampu pana yenye mabawa mawili pembeni, Camaro ya 1998 hadi 2002 ina tumbo la oili, yaani sehemu yenye kina, upande wa nyuma, na Pontiac GTO ya 2004 hadi 2006 tumbo liko mbele. Mrija wa kila moja umekunjwa kufuata tumbo hilo. Upande wa pampu mirija yote inafanana, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa: mrija unaingia vizuri, bolti inakaza, mtu anaridhika, kumbe strena inaning'inia mbali na oili au imelalia ukuta wa ndani wa sampu. Mrija kukubali kwenye pampu si ushahidi kwamba ndio wenyewe.

Kwenye seti hii nilipima mwenyewe kabla ya kufunga moja kwa moja. Nilibandika donge la plastisini chini ya strena, nikaweka sampu pamoja na gasketi yake, nikakaza bolti chache, kisha nikafungua na kulikata donge kwa wembe. Unene ulikuwa milimita 8. Kati ya 6 na 10 ndipo panapotakiwa. Strena ikikaribia sakafu kupita kiasi, oili inabanwa na pampu inakosa cha kuvuta. Ikiwa juu mno, unapofunga breki oili inakimbilia mbele na strena inabaki inavuta hewa. Usipime bila gasketi, kwa sababu nayo ina unene wake.

Seti yangu haikuja na lile bamba linalokaa chini ya krenki (shafti kuu ya injini) kuzuia oili isirushwe ovyo, na muuzaji hakutaja kwamba linahitajika la aina yake. Bamba la pikapu liligongana na ukuta wa ndani wa sampu mpya, ikabidi nitafute la gari dogo. Mtengenezaji angeliandika hilo kwenye maelezo ya bidhaa, pale juu kabisa, angeokoa watu wengi. Karatasi ya maelekezo nayo ni dhaifu: o-ringi zilizomo zina unene tofauti, lakini haikusema ipi inakwenda na mrija upi. Nililinganisha na umbo la shingo ya mrija mpaka nikapata ile iliyojaza nafasi bila kulegea na bila kung'ang'ania.

Nasisitiza o-ringi kwa sababu ndiyo inayoua injini hizi baada ya kubadilishwa. Ikikatwa ukingoni wakati wa kusukuma mrija, au ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, pampu inavuta hewa pamoja na oili, sawa na kunywa kwa mrija uliotoboka. Injini ikiwa ya baridi geji inaonyesha vizuri tu. Ikishapata moto, presha inashuka na lifta (vinavyosukuma valvu) zinaanza kugonga. Mafundi wana njia ya kuhakikisha: wanaongeza oili lita moja au mbili kupita kiwango, kwa kuangalia tu, presha ikipanda, ujue hewa inaingia kwenye kiungo hicho na sasa oili imekifunika. Mimi niliipaka o-ringi oili safi, nikauingiza mrija kwa mkono ukiwa umenyooka, wala sikuuvuta kwa bolti. Bolti ile ni moja tu, upande mmoja, ukiitumia kuvuta mrija unaingia kiupande na kukata mpira. Inakazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 12, kisha nati za mshikio wa mrija Nm 25.

Niliongeza pia kibano cha kushika shingo ya mrija pande zote mbili, kinauzwa peke yake. Si lazima, lakini kwa injini itakayozungushwa sana nakipenda.

Sampu yenyewe imechongwa vizuri. Kumbuka kwamba kwenye LS sampu inafungwa pia kwenye gia boksi, kwa hiyo mgongo wake lazima ulingane na mgongo wa bloku. Niliweka rula ya chuma na haikuyumba. Silikoni niliweka kwenye zile kona nne tu ambako kava za mbele na nyuma zinakutana na bloku. Mpaka leo haijavuja.

Kuwasha mara ya kwanza kunataka subira. Chevrolet V8 za zamani pampu yake inaendeshwa kupitia distribyuta (kigawa umeme wa plagi), kwa hiyo unaweza kuizungusha kwa drili kabla ya kuwasha. Kwenye LS pampu imekaa kwenye krenki, hakuna pa kupitisha drili. Niliijaza pampu oili kabla ya kuifunga, nikatoa plagi, nikazima mafuta, nikapiga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ikainuka.

Sasa hivi, injini ikiwa na moto na imetulia, presha haishuki chini ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 30. Kiwango cha chini cha kiwandani ni psi 6 kwa mizunguko 1,000 kwa dakika na psi 18 kwa mizunguko 2,000, kwa hiyo nina nafasi kubwa. Kwenye kona ndefu sindano haitikisiki.

Naipa nyota nne. Ya tano ingepatikana kwa karatasi ya maelekezo inayotaja bamba na o-ringi. Kama unataka kuiagiza, muulize muuzaji kwanza mambo mawili: mrija umo ndani ya boksi, na bamba la gari gani linakubali.