Tathmini ya Pl@ntNet: programu ya kutambua mimea, kwa aliyeotesha kijitawi asichokijua jina

Watu wengi wa Dar es Salaam hurudi safarini na kijitawi cha mmea kilichoviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa, wakakichomeka kwenye kopo la rangi, na kikishashika mizizi ndipo huanza kuulizana jina lake. Nimeitumia programu ya Pl@ntNet kwa kazi hiyo, kwa kichaka nilichokiotesha nyumbani Mbezi kutokana na kijitawi nilichopewa Pangani wakati wa likizo. Naiona kuwa programu inayostahili kuwamo kwenye simu ya kila mpenda bustani, mradi mtumiaji awe tayari kuchunguza mwenyewe yale ambayo kamera haiyaoni.

Pl@ntNet ni kazi ya taasisi za utafiti za Ufaransa, zikiwemo CIRAD, INRAE, Inria na IRD, na programu yake ya simu ilianza kutolewa mwaka 2013. Haina malipo, na asiyetaka kuipakua anaweza kutumia tovuti. Mtumiaji hupiga picha, hutaja kama ni ya jani, ua, tunda au gome, kisha hupewa orodha ya majina ya kisayansi, kila jina likiwa na asilimia yake na picha za mmea huo zilizopigwa na watu wengine. Asilimia hizo ndizo ninazozithamini zaidi, kwa sababu pale mfumo wenyewe unapokuwa na shaka, shaka hiyo huonekana wazi.

Kichaka changu kilipokuwa na majani matupu, shaka hiyo ilionekana kweli. Majani yalikuwa ya kijani kilichokolea, yanayong'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina. Mimea ya nchi za joto yenye majani ya namna hiyo haihesabiki, na programu ikajibu inavyopasa: majina mengi, asilimia ndogo ndogo, gardenia, kichaka cha bustani chenye maua meupe, ikiwa miongoni mwake. Wauza miche wa kando ya barabara, ambao kwa ujuzi wa kuotesha nawaheshimu sana, nao waliniambia ni gardenia, bila kusita.

Nilichuma jani moja pale kikonyo kinapoungana na shina. Utomvu mweupe, mzito, ulichuruzika papo hapo, ukakusanyika kuwa tone kwenye jeraha na kunata kidoleni. Gardenia ni ya familia ya Rubiaceae, familia moja na mbuni (mti wa kahawa), na haitoi utomvu wa aina hiyo. Tena gardenia huwa na kijigamba chembamba kinachokizunguka kifundo cha shina, kati ya vikonyo vya majani mawili yanayotazamana. Kwenye kichaka changu kijigamba hicho hakikuwapo. Nilipozidi kutazama niliona pia kwamba katika jozi nyingi jani moja lilikuwa kubwa kuliko mwenzake, na kwamba matawi yalikuwa yakigawanyika mawili mawili kila yanaporefuka. Utomvu mweupe pamoja na majani yanayotazamana vilielekeza kwenye Apocynaceae, familia ya alamanda na oleanda. Hayo yote hayahitaji vifaa wala elimu ya chuo, na hakuna picha ya jani, hata iwe safi kiasi gani, inayoweza kuyasema yote.

Kilipochanua, mambo yalibadilika. Ua lilikuwa jeupe, lenye mrija mwembamba na petali tano zilizopinda upande mmoja kama mapanga ya feni, na harufu yake ilizidi baada ya jua kuzama. Nilipopiga picha ya ua kwa karibu na nyingine ya jani, Pl@ntNet iliweka juu kabisa jina la Tabernaemontana divaricata na kuyaacha mengine mbali sana. Nililihakiki katika hifadhidata ya bure ya bustani ya Kew ya Uingereza, Plants of the World Online, inayoonyesha kwamba asili ya mmea huu ni Asia, India ikiwa mojawapo ya nchi zake, na kwamba Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Nerium divaricatum. Majina ya zamani yanafaa kujulikana, kwani bado unauzwa kwa jina la Ervatamia. Iko pia aina yenye petali nyingi zilizorundikana, nayo ndiyo inayofanana zaidi na gardenia.

Kujua jina kumenisaidia katika kuutunza. Gardenia hupenda udongo wenye asidi. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi, kama ule uliotokana na matumbawe sehemu za pwani yetu, hushindwa kupata madini ya chuma na majani yake hugeuka manjano. Tabernaemontana haina masharti makali kiasi hicho, kwa hiyo sina sababu ya kununua mbolea maalumu. La uzito zaidi ni kwamba mmea huu una kemikali za alkaloidi na haufai kuliwa na mtu wala mnyama. Nimeuhamishia mahali ambapo watoto hawachezi na mbuzi wa jirani hawafiki, na ninapopogoa huvaa glavu.

Anayetaka kuijaribu programu hii azingatie mpangilio wa eneo. Inaruhusu kuchagua mimea ya ukanda fulani au ya dunia nzima, na kwa mmea wa bustani usiojulikana ulikotoka ni bora kuchagua dunia nzima. Picha iwe ya kiungo kimoja, kwa karibu, bila majani ya jirani kuingia nyuma yake. Picha moja ya kichaka kizima iliyopigwa kutoka mbali haisaidii sana. Kabla ya kuchangia picha zako kwa wengine, amua pia kama unataka simu itoe mahali ulipo, kwa sababu mmea wa uani hutaja nyumba yako.

Asilimia zikibaki ndogo hata baada ya mmea kuchanua, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti. Sampuli inayofaa kulinganishwa ni tawi lenye majani na maua, au matunda yakiwapo, lililokandamizwa likakauka ndani ya magazeti, pamoja na maelezo ya mambo yanayopotea likikauka: rangi ya ua, harufu, urefu wa kichaka, na kama kinatoa utomvu.