CD ya Terry Dene: Sauti Nzuri, Historia Nusu

Kwa majuma matatu sasa CD ya nyimbo za Terry Dene, mwimbaji wa roki wa Uingereza, haijatoka kwenye redio ya gari langu. Niliinunua kwa shilingi 25,000 katika duka dogo la muziki wa zamani lililo karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, ambako mwenye duka bado anauza santuri, kanda na CD ilhali jirani zake wote wamehamia kwenye kazi ya kuwajazia watu nyimbo kwenye simu. Ni mkusanyiko wa nyimbo ambazo kijana huyo wa London aliirekodia kampuni ya Decca kuanzia 1957 hadi 1959. Mimi ni mwalimu wa kwaya, kwa hiyo kabla ya kujua lolote kuhusu maisha yake nilisikiliza sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyonifanya niilipie CD nikiwa bado nimesimama dukani.

Jina lake la kuzaliwa ni Terence Williams, na alizaliwa Desemba 1938 katika eneo la Elephant and Castle, mtaa wa watu wa kipato cha chini kusini mwa mto Thames. Alipata nafasi yake kama walivyoipata vijana wengi wa kizazi chake, yaani kwa kuimba kwenye chumba cha chini, chembamba na chenye joto, cha mgahawa wa kahawa ulioitwa 2i's, katika mtaa wa Soho, uliokuwa ukiendeshwa na wanamieleka wawili kutoka Australia. Mwimbaji wa roki Tommy Steele alikuwa ametokea hapohapo mwaka 1956, na kampuni za kurekodi zilikuwa zikituma watu wao kumtafuta Tommy Steele mwingine. Decca ikamchukua Dene akiwa na miaka 18.

Ili kuitendea haki CD hii, msomaji anapaswa kufahamu jinsi biashara ya muziki ilivyoendeshwa Uingereza wakati huo. Wimbo ukishapendwa Marekani, kampuni za Uingereza hazikusubiri santuri ya mwenyewe ivuke bahari na kuwafikia watu, bali zilimkabidhi mwimbaji wa nyumbani karatasi ya noti, zikakodi wanamuziki wa studio waliozoea kupiga aina yoyote ya muziki, na ndani ya majuma machache toleo la Uingereza lilikuwa sokoni, mara nyingine matoleo mawili au matatu kwa mpigo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wimbo wa kwanza wa Dene, “A White Sport Coat”, ambao ni wa Mmarekani Marty Robbins. Dene alifika nafasi ya 18 kwenye chati ya Uingereza mwaka 1957, huku kundi la The King Brothers likifika nafasi ya 6 kwa wimbo huohuo. “Start Movin'” ulimfikisha nafasi ya 15, na “Stairway of Love” ukamfikisha nafasi ya 16 mwaka 1958. Nyimbo tatu kwenye chati, zote zikiwa zimeimbwa na wengine, na baada ya hapo hakuingia tena.

Hata hivyo, sikilizeni anavyoimba. Katika “A White Sport Coat”, kijana amevaa koti jeupe na kuchomeka ua kwa ajili ya dansi, kisha msichana wake anakwenda na mwingine. Waitikiaji wanaimba kwa uchangamfu kana kwamba wako kwenye harusi, lakini Dene peke yake anaimba kama mtu aliyeachwa mlangoni. Anaushusha mwisho wa mstari taratibu na hapigi kelele pale ambapo mwimbaji asiye na utulivu angepiga. Nimewasikilizisha waimbaji wangu wa sauti ya tatu kipande hicho, kwa sababu tatizo lao kubwa ni kusukuma sauti mwishoni mwa pumzi. Kwa upande wa roki yenyewe, wimbo ulio bora kuliko yote ni “Baby She's Gone”, ambao mdundo wake unakwenda mbele bila kusitasita, na humo ndimo unapomsikia kijana wa 2i's kabla hajavalishwa suti. Nyimbo kadhaa za katikati ni dhaifu na nimezoea kuziruka.

Upungufu wa CD hii uko kwenye kijitabu chake, ambacho kinamaliza maisha ya mtu kwa aya moja. Kinataja filamu ya “The Golden Disc” ya 1958, ambamo Dene alikuwa nyota, na ndoa yake na mwimbaji Edna Savage mwaka huohuo, kisha kinasema tu kwamba “aliacha muziki”. Hakuacha kwa hiari. Mwanzoni mwa 1959 aliitwa kwenye utumishi wa lazima wa jeshi, ambao wakati huo ulikuwa wa miaka miwili, akapelekwa kambini Winchester. Sisi tunaoishi jirani na Makutupora tumewaona vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakiingia kambini na mabegi yao, na tunajua jinsi siku za kwanza zinavyokuwa ngumu hata kwa yule ambaye hakuna anayemjua. Dene aliingia akifuatwa na wapiga picha wa magazeti hadi getini. Baada ya takribani miezi miwili jeshi lilimwachia kwa sababu za afya ya akili, suala hilo likafika hadi bungeni, na magazeti yaliyomtukuza yakamgeukia. Alikuwa na miaka 20. Naona ni jambo la kusikitisha sana kwamba kijitabu kinachouzwa kwa jina lake hakikupata mistari mitano ya kueleza hayo.

Jambo la pili linaniuma zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Mwaka 1964 Dene aliokoka, akaanza kuhubiri na kuimba injili mitaani London, na baadaye akaipeleka huduma hiyo Sweden. Alirekodi nyimbo za injili, na miaka mingi baadaye alirudi kuimba roki kwa wapenzi wake wa zamani. Hapa kwetu, ambako mwimbaji wa dansi au wa Bongo Fleva akiokoka kanisa zima hutaka kusikia sauti ileile ikiimba maneno mapya, mkusanyiko unaoishia 1959 ni sawa na kitabu kilichochanwa katikati. Nataka kujua sauti ile iliyojua kushuka taratibu ilifanya nini ilipoanza kuimba sala.

Kwa anayetaka kununua, mlio wa CD ni safi, ngoma na gitaa zinasikika kila moja mahali pake, na mikwaruzo ya santuri imebaki kidogo tu kwenye nyimbo mbili. Bei ni ya haki. Jumamosi iliyopita nilirudi dukani kuulizia nyimbo zake za injili. Mzee alivaa miwani, akaniomba nimtajie jina herufi kwa herufi, akaliandika kwenye daftari lake chini ya oda ya mtu anayetafuta kanda ya Mbaraka Mwinshehe.