Mimi ndiye "Yule wa Taya"

Nilijizuia kuandika mapema kwa sababu ningetukana. Sasa hasira zimepoa kidogo. Si sana, kwa hiyo mnisamehe kabla hatujaanza.

Ipo kliniki moja ya urembo hapa Dar, jina silitaji na msinisumbue kuniuliza. Iko ghorofani, kiyoyozi kikali mpaka unajuta kuacha kanga nyumbani, na maji yao yana vipande vya limao. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi na watu kama saba hivi, wakiwemo wanaume wawili. Mlango wa ndani ukafunguliwa, dada wa mapokezi akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya kondakta wa Gongo la Mboto:

"Yule wa taya ameshafika?"

Jamani. Macho yakatembea kochi hadi kochi yakitafuta taya, na yalilipata kabla sijafungua mdomo kusema nipo. Baba mmoja alinitazama, akaangalia chini, kisha akanitazama tena kuhakikisha. Nikainuka na mkoba wangu na hilo taya langu, nikapita katikati yao kama mshitakiwa.

Niseme kwanza lilivyo, maana wengine mtadhani nimezaliwa na ulemavu. Taya letu ni la ukoo. Bibi mzaa baba alikuwa nalo, baba analo, kaka zangu wanalo na linawapendeza sana. Mimi kwa mbele sina neno, tatizo ni ubavuni. Kwenye send-off ya mdogo wangu mpiga picha alinivizia kwa pembeni wakati nalishwa keki. Picha ilivyoletwa nikaona mwanamke aliyekunja taya kama anasubiri ugomvi, na keki iko mdomoni. Mama akacheka akasema, "Bibi yako huyu hapa." Alisema kwa mapenzi. Mimi sikulala.

Njia za bei rahisi nimezipitia zote. Kuna dada Sinza anajua kuchora uso kwa poda nyeusi chini ya taya na nyeupe juu ya mashavu, ukitoka pale unajiona umezaliwa upya, lakini joto la mwezi wa pili halina urafiki na poda, na kufikia saa ya zawadi ile nyeusi ilikuwa imeshuka shingoni. Mtandio, nikiwa mkweli, unafanya kazi kuliko vyote. Ukiushusha vizuri unafunika pembe mbili za taya, uso unabaki kama yai, na haugharimu kitu. Ila mimi ofisini sivai mtandio, na kuanza ghafla ningeulizwa nimebadili dini lini.

Halafu nikadanganywa na video. Binti mmoja alisema tafuna bigijii nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, taya litachongeka. Nilitafuna miezi miwili, na miwa juu. Baadaye sana ndiyo nikaelezwa kwamba pembeni ya taya kuna msuli wa kutafunia, na msuli ukiufanyisha kazi unajaa, kama mabega ya wabeba mizigo wa Kariakoo. Yaani nilikuwa napeleka taya langu gym kwa hela yangu mwenyewe.

Turudi kliniki. Kabla ya daktari unapitishwa kwa kijana anaitwa mshauri. Kijana mdogo, shati limembana, tableti mkononi. Akanipiga picha za ubavuni, kulia na kushoto, akachukua penseli nyeupe akaanza kunichora usoni bila hata kusema samahani. Mstari hapa, mshale pale, duara kwenye shavu. Huku anachora anasema, "Dada yangu, ukitazamwa kwa pembeni sura inakuwa ya kiume kidogo. Sisi tunailainisha."

Ya kiume. Nimezaa watoto wawili.

Akanitajia mpango wake: fila, yaani sindano ya kujazia, kidevuni ili kisogee mbele, fila kwenye mgongo wa pua ili unyooke, kutolewa mafuta ya ndani ya mashavu, na Botox, sindano ya kulegeza msuli, ya taya. Vyote kwa pamoja kuna punguzo. Kisha akanigeuzia tableti nijione nitakavyokuwa. Yule mtu sikumjua. Alikuwa mzuri, sikatai, lakini ile pua haipo kwetu kuanzia Korogwe mpaka Lushoto.

Bahati yangu nina binamu muuguzi, na alikuwa amenipa maswali. Kuhusu pua aliniambia kwamba mishipa ya damu ya pale imeungana na ya jicho, na fila ikiingia ndani ya mshipa unaweza kupofuka. Ni nadra, lakini imeshatokea kwa watu, na jicho likishakwenda ni vigumu mno kulirudisha. Kwa hiyo uliza kama wanatumia fila ya asidi ya hayaluroniki, ile inayoweza kuyeyushwa, na kama dawa ya kuyeyushia ipo humohumo ndani, siyo ya kuagiza. Nikamuuliza yule kijana. Akatabasamu, akasema, "Dada, hatujawahi kupata shida hiyo." Nikamwambia sijauliza hilo. Akaniambia nisisome sana mitandaoni.

Na mafuta ya mashavu, hayo hata bila binamu nisingekubali. Yanatolewa kwa kukatwa ndani ya mdomo na yakishatoka hayarudi, wakati uzee wenyewe unakuja kuchukua yaliyobaki. Kwetu hapa mashavu yakibonyea hakuna atakayekwambia umependeza. Watakuuliza unaumwa nini, na wale wasiokuuliza watakuwa wameshajijibu.

Nilikuwa nimeshaamua kuondoka na kusamehe hela ya kumuona daktari. Ndipo akaingia daktari mwenyewe. Mama wa makamo, viatu vya chini, miwani kwenye kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama na ile michoro.

"Marahaba mwanangu. Nani amekuchora hivi?"

Yule kijana akapata kazi ya haraka chumba kingine. Mama akanipa pamba yenye maji nijifute. Nilijifuta huku machozi yananilenga, sijui kwa nini, ni pamba tu.

Akaweka vidole kwenye pembe za taya langu, akaniambia ng'ata, achia, ng'ata. Nilihisi kitu kinaruka chini ya vidole vyake kama panya. Akauliza, "Ukiamka asubuhi kichwa kinauma hapa?" akagusa panda la uso. Nikashtuka kama niko kwa mganga. Kinauma miaka yote! Mimi nikajua ni mto. Akaniambia nifungue mdomo, akanionyesha kwa kioo kidogo jinsi ncha za meno zilivyolika na kuwa bapa. Nasaga meno usiku. Mume wangu alikuwa akiniambia, nikimjibu na yeye anakoroma.

Kwa hiyo sehemu ya taya langu ni ya bibi, na sehemu ni msuli niliojijengea mwenyewe nikiwa usingizini, ukiongeza na bigijii. Mfupa wa bibi, akasema, hautoki kwa sindano. Kule Korea Kusini wanaukata na kuuchonga, na kuna wanaobaki na ganzi ya mdomo wa chini, na mimi sina sababu ya kufika huko. Msuli unaweza kupungua kwa Botox. Pua na kidevu akakataa katakata. "Kidevu chako hakina kosa," alisema, "kinaonewa na majirani zake." Akaniambia pia nikamwone daktari wa meno anitengenezee kikinga cha kuvaa usiku. Nasema hivi: sijawahi kuona mtu kwenye biashara ya urembo akikataa hela. Nilitaka kumkumbatia.

Alinieleza ukweli ambao yule kijana asingeutaja hata kwa fimbo. Dawa hiyo ni sumu ya bakteria, ileile ya vyakula vya makopo vilivyoharibika, ila kwa kiasi kidogo sana. Wamarekani waliipitisha mwaka 1989 kwa magonjwa ya macho, na mwaka 2002 kwa mikunjo ya kati ya nyusi. Taya halikuwemo, madaktari wanaitumia hapo kwa uzoefu wao. Akaniuliza kama nina mimba au nanyonyesha. Kisha chupa ikatoka kwenye friji, ikafunguliwa mbele yangu. Tupu! Nikasema mama, hii haina kitu. Akacheka. Kumbe dawa imekaushwa chini kabisa kama ukungu, huioni mpaka uchanganye na maji ya chumvi. Yuniti 25 kila upande, sindano nyembamba, maumivu ya kuumwa na siafu wachache. Hata dakika kumi hazikufika.

Nikatoka nimefurahi. Nikafika mapokezi.

"Wa taya, chukua risiti yako."

Nikamwambia mdogo wangu, mimi nina jina. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye kompyuta: "Dada, jina lako leo wapo watatu. Wewe, wa pua na wa kope." Wa pua alikuwa amekaa palepale. Tukaangaliana. Nilitaka nimuonee huruma, ila nilikuwa naiangalia pua yake.

Hela niliyolipa ni kodi ya chumba Mbagala ya miezi kadhaa, na kwa wiki ya kwanza sikuona chochote. Wiki ya pili ndiyo nikaona: nikicheka, kona ya kushoto ya mdomo haipandi. Nikapiga simu. Yule dada: "Ni kawaida hiyo dada, itaisha," kata. Siku ile ningeandika maoni haya mngesoma matusi ya Kitanga ambayo hata mimi sijui yametoka wapi. Shangazi naye akachochea: "Umelipa hela udungwe sumu ya kopo, ulitaka upinde wapi?"

Jioni daktari akapiga mwenyewe. Akasema dawa imesambaa kidogo ikagusa msuli wa tabasamu ulio jirani, ameomba radhi, na akaniambia utarudi. Ulirudi baada ya wiki chache, lakini zile wiki chache nilicheka kwa kuziba mdomo na mkono kama mwali. Kutafuna nako kulikuwa kazi. Mishkaki nilikuwa natafuna upande huu, nahamia upande ule, napumzika, wenzangu wameshaagiza ya pili. Muhindi wa kuchoma sikuugusa kabisa.

Na sasa hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe, maana nilikaa chini kuandika kwamba msiende.

Kama mwezi na nusu baadaye nilikuwa nafunga mkufu mbele ya kioo nimekaa upande. Nikaganda. Pembe zile zimelala. Sio kwamba nimekuwa mtu mwingine, ni mimi, na bibi bado yumo, ila kama bibi aliyemaliza ugomvi. Kichwa cha asubuhi kimekwisha, hilo peke yake ningelilipia. Mume wangu alinitazama jioni moja akasema, "Siku hizi unaonekana umepumzika." Sikumwambia. Bado hajui, na hasomi mambo haya.

Basi nikitoa nyota: daktari nampa maksi zote alizonazo mwalimu. Yule kijana wa penseli, sifuri, na penseli yake ivunjike. Mapokezi nilisema sifuri, kisha nikasema moja kwa sababu angalau risiti haikukosewa, kisha nikikumbuka yule baba alivyonitazama mara mbili narudisha sifuri. Na kwa nini mama mwenye heshima kama yule anafanya kazi na watu wale? Labda jengo ni la wao. Sijui. Msiende. Au nendeni, lakini mkatae kuchorwa, na mngoje daktari.

Tatizo la dawa hii ni kwamba inaisha. Juzi nimeanza tena kuamka na kichwa, na kwenye kioo majirani wa kidevu wameanza kurudi mmoja mmoja. Nilishaapa mbele ya shangazi kwamba pale sikanyagi. Nikapiga simu nikiwa nimejifungia bafuni.

Nikataja jina langu lote, la kwanza, la baba na la ukoo, polepole kama niko ubalozini. Kimya. Nasikia anabonyeza kompyuta.

"Ngoja dada... sikuoni... aaah! Si wewe yule wa taya?"

Nikasema ndiyo. Jumamosi, saa nne asubuhi.